Ning'oe migomba ya mzee nipande kahawa kwa mkopo? Naomba ushauri wa waliolima muda mrefu

KijanaWaMuleba

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Nina miaka 31. Nimerudi nyumbani Muleba baada ya kuendesha bodaboda Mwanza kwa miaka sita. Mzee ana kibanja cha kama ekari nne, migomba imejaa, na humo humo kuna mibuni ya zamani kama 180. Nilipokuwa mdogo hakuna aliyeijali ile mibuni. Mama alianika maganda, yaani kahawa isiyokobolewa, kwenye turubai, yakiuzwa zinapatikana hela za madaftari, basi.

Msimu wa 2024 jirani yetu alipeleka magunia 14 chama cha msingi cha ushirika, mnada ukaenda vizuri, akanunua pikipiki mpya kwa taslimu na bati za kuezekea jiko. Tangu siku hiyo silali. Kuna mahali naweza kupata mkopo wa milioni sita. Nataka kung'oa migomba ekari tatu, nipande kahawa tupu kwa nafasi nzuri, miche 450 kwa ekari. Nimepiga hesabu kwa bei ya mwaka ule, mkopo unaisha kwa mavuno mawili na faida inabaki.

Mzee hataki kusikia. Anasema bei ya kahawa ni kama mvua ya Januari. Na kweli katikati ya 2025 niliona bei inashuka wakati watu bado wanavuna, hakuna aliyeweza kunieleza kwa nini. Nani anapanga hii bei? Na je, niendelee na mpango au nisubiri?

Mnunuzi_Kyaka

Panda, kijana. Mimi nanunua kahawa mwaka wa tisa huu, sijawahi kuona soko la namna hii. Wachina wameanza kunywa kahawa, Brazil na Vietnam kila mwaka ni ukame au baridi, hali ya hewa imebadilika na hairudi nyuma. Kahawa aina ya robusta, ndiyo hii yetu, kwenye soko la London mwanzoni mwa 2025 ilipita dola 5,000 kwa tani, wakati 2019 ilikuwa inacheza kwenye 1,300. Hiyo bei ya zamani haitaonekana tena. Wanaosubiri ndio watakuja kununua miche kwa bei ya kuruka.

KaraniWaMizani

Marahaba mwanangu. Mimi ni mama wa miaka 66, nipo Bukoba vijijini. Nilikuwa karani wa mizani wa chama chetu cha msingi kuanzia 1984 hadi 2006, na kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa mkulima wa kahawa. Siku hizi mjukuu wangu ananifungulia bei za London kwenye simu kila Jumatatu, naziandika daftarini. Nitaandika kirefu, nivumilie, maana swali lako limenigusa.

Nimeiona bei hii ikipaa zaidi ya mara moja. Kila ilipopaa nilisikia maneno ya ndugu yetu wa Kyaka, kwamba safari hii hairudi. Simlaumu. Baba yangu naye aliyasema, mwaka 1977, akiwa ameshika risiti mkononi.

Ilikuwa hivi. Julai 1975 jalidi ilianguka Brazil, kwenye jimbo la Paraná. Ni baridi ya usiku mmoja au miwili tu, lakini mibuni ikawa myeusi kama iliyopitiwa na moto. Brazil ndiyo inayolisha dunia kahawa, kwa hiyo soko la New York likaanza kupanda, kutoka chini ya dola moja kwa ratili hadi kuzidi dola 3 mwezi Aprili 1977. Sisi huku hatukujua Paraná ni nini. Tulichojua ni kwamba baba alirudi na bati 40 kwenye lori la mtu. Nilizihesabu mimi. Tulikuwa tunakaa nyumba ya nyasi, na mvua ya kwanza ilipopiga lile bati tulikaa macho wote tunasikiliza.

Hata hivyo bei ile haikutufikia yote. Vyama vya ushirika vilikuwa vimefutwa mwaka 1976, kahawa ilinunuliwa kupitia vijiji na mamlaka ya zao, na serikali ilichukua sehemu kubwa kwa kodi. Kwa wenzetu wa Uganda ilikuwa mbaya zaidi, wakaivusha usiku kwenda Kenya. Magendo yale ya Chepkube watu wa rika langu bado wanayasimulia. Kabla mwaka 1977 haujaisha bei ya New York ilikuwa imepoteza zaidi ya theluthi. Baba alikuwa ameanza kuchimba msingi wa nyumba ya pili, ya duka. Msingi huo upo mpaka leo, tunaanikia maharage.

Miaka ya themanini nilipoanza kazi kulikuwa na utulivu kidogo, na ulikuwa na sababu. Nchi zinazolima na nchi zinazonunua zilikuwa na mkataba wa kimataifa tangu 1962. Kila nchi ilipewa kiwango cha kuuza nje, bei ikianguka viwango vinabanwa, ikipanda vinalegezwa. Julai 1989 wakashindwa kuelewana, viwango vikaondolewa, na kila mwenye kahawa ghalani akaimwaga sokoni. Ndani ya miezi michache bei ilishuka karibu nusu. Tangu hapo hakuna anayeshika breki.

Sasa nikuambie la 1994, maana hili linaniuma mpaka kesho. Januari mwaka ule mtoto wetu wa kwanza alikuwa anaingia sekondari na ada haikuwepo. Mume wangu akauza kahawa butura, yaani ikiwa bado mbichi mtini, mibuni 70 yote, kwa mfanyabiashara mmoja. Bei ilikuwa ya kutupa, lakini kahawa ilikuwa chini miaka mitano mfululizo, tukaona hata hiyo ni heri. Mwezi wa sita na wa saba jalidi ikapiga Brazil mara mbili. Wanunuzi binafsi ndio walikuwa wameruhusiwa mwaka huo, wakaanza kupita nyumba kwa nyumba na fedha kwenye mifuko ya rambo. Mimi karani, niliyeandika bei kwa mkono wangu kwenye ubao wa chama, nilivuna kahawa yangu na kuipakia kwenye gari la mtu mwingine. Yule bwana alisimama uani kwetu akatazama mpaka gunia la mwisho.

Walioipata bei ile walipanda. Na hapa ndipo jibu la swali lako, nani anapanga bei. Mbuni unachukua miaka mitatu kuanza kuzaa, minne au mitano kuzaa sawasawa. Mtu wa Muleba akiona bei nzuri anapanda. Mtu wa Masaka, Uganda, naye anapanda, na wa Dak Lak kule Vietnam vilevile, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Vietnam mwaka 1990 ilikuwa inatoa magunia ya kilo 60 kama milioni moja na kidogo. Miaka kumi baadaye ilizidi milioni 14, ikawa ya pili duniani nyuma ya Brazil. Mibuni iliyopandwa kule kwa furaha ya 1994 ndiyo iliyokuja kuzaa 1999 na 2000, yote kwa pamoja. Na mnywaji wa Ulaya hakuongeza kikombe. Anakunywa viwili asubuhi, iwe kahawa rahisi au ghali.

Mwaka 2001 tani ya robusta London ilikuwa chini ya dola 500. Mimi huku sikupima kwa dola, nilipima kwa sukari. Msimu ule ilibidi mtu alete karibu kilo kumi za maganda ili apate hela ya kilo moja ya sukari. Alikuja mzee mmoja, alisukuma baiskeli kilomita nane, magunia matatu yamefungwa kwa mpira wa tyubu. Nilitoa kiganja cha maganda, nikayatikisa sikioni kama kawaida, yakalia vizuri, kahawa kavu kabisa, safi, haina jiwe. Nikapima, nikaandika, nikamhesabia. Alizihesabu zile noti, akazitazama, akatazama mizani, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, umepima yote?" Nikamwambia, "Yote, tata." Akashukuru, akaondoka. Wiki iliyofuata nilisikia amekata mibuni yake, amepanda viazi. Hakuwa peke yake. Waliobaki, mibuni ya wengi ililiwa na ugonjwa wa mnyauko wa kahawa ulioingia Kagera tangu 1997, na nani angehangaika kupanda upya kwa bei ile?

Chama chetu nacho kilikuwa kimekopa benki ili kiwape wakulima malipo ya awali. Tulilipa kwa bei ya matumaini, soko likafika chini ya hapo. Malipo ya pili hayakuja. Watu walinijia mimi, nyumbani, jioni, kana kwamba nimezificha chini ya kitanda.

Kwa hiyo ulichokiona 2024 kilianza zamani. Kahawa ilipokuwa chini, kule Vietnam wakulima wengi waliing'oa wakapanda durian na pilipili manga. Kisha Brazil ikapata jalidi Julai 2021, Vietnam ikapata ukame 2024, meli zikaogopa Bahari ya Shamu zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Ghala tupu, bei juu. Na sasa hivi ninavyoandika, kuna kijana Uganda, kuna kijana Vietnam, kuna kijana Brazil, wote wana hesabu kama yako. Mtavuna mwaka mmoja.

Sisemi usipande, nielewe. Kahawa imesomesha watoto wangu wanne, siwezi kuisema vibaya. Nasema hivi: migomba usiing'oe. Mwaka 2002 familia zilizokuwa na kibanja kamili zilikula matoke zikangoja. Zilizokuwa zimepanda kahawa tupu hazikuwa na cha kungojea nacho. Baba yako anajua hilo hata kama hajui kulieleza. Ile mibuni 180 ya zamani ikateni chini, sehemu kwa sehemu, theluthi moja kila mwaka, ichipue upya. Utaona mavuno yake kabla ya mche mpya. Penye mapengo ndipo upande miche ya vikonyo, ile ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Maruku, inayostahimili mnyauko, usinunue miche ya barabarani.

Na mkopo. Huo mkopo unaanza kudai lini? Kama ni mwezi ujao, na mbuni unaanza kuzaa mwaka wa tatu, miaka hiyo mitatu utalipa kwa nini? Rudia hesabu zako kwa bei ya 2019. Ikikubali hapo, nenda.

KijanaWaMuleba

Mama, nimesoma mara mbili, na nimemsomea mzee sehemu ya bati na ile ya "umepima yote". Alinyamaza muda mrefu. Anasema yeye 2001 alifikia hatua ya kunoa panga, mama ndiye aliyemzuia.

Sasa kuna jambo sikuliandika mwanzo kwa aibu. Mzee ameniambia jana kwamba kahawa ya msimu huu ameshachukua hela yake. Laki tano na nusu, ya matibabu ya mama mwezi wa kumi na mbili. Kwa butura hiyo hiyo. Hakuna karatasi, ni maneno tu na shahidi mmoja. Tufanyeje?

MtotoWaBukavu

Jambo kwenu wote. Mimi niko Antwerp, Ubelgiji, mwaka wa kumi na mbili, ninafanya kazi mu ghala karibu na bandari, tunapokea kahawa ya dunia nzima. Baba yangu alilima kahawa kando ya ziwa Kivu, ndiyo maana nimefuata maneno ya mama karani mpaka mwisho.

Ninaongeza kitu kimoja ninachokiona kwa macho yangu. Bei ikiwa chini, huku magunia yanapangwa mpaka juu, na mengine yanakaa miaka. Kuna matajiri wanaonunua na kulaza tu, kwa sababu wanaweza kulipa kodi ya ghala na kungoja. Mwisho wa 2023 nilipita na mashine mu korido ambazo nilizoea kuziona zimejaa, ziko wazi, unasikia sauti yako inarudi. Akiba ya arabika, ile aina nyingine ya kahawa, iliyothibitishwa na soko la New York ilishuka chini kuliko wakati wowote mu miaka zaidi ya ishirini iliyotangulia. Miezi michache nyuma yake bei ikaanza kupaa kweli kweli.

Kwa hiyo ndugu, usitazame bei tu. Uliza ghala limejaa au ni tupu. Na habari kama ile ya Marekani kutoza kahawa ya Brazil ushuru wa asilimia 50 mu Agosti 2025, kisha Novemba wakaiondoa, inapindua bei mu siku mbili, na hakuna hata punje moja iliyoongezeka wala kupungua shambani. Baba yangu angelijua hayo asingejilaumu. Alifikiri bei ilianguka kwa sababu alianika vibaya.

Mnunuzi_Kyaka

Mama, heshima yako. Mimi nilianza kununua 2017, kwa hiyo anguko la 2001 silijui, nililisikia tu. Nabaki na msimamo kwamba unywaji umeongezeka na hali ya hewa si ile. Lakini la migomba nakubali, na la mkopo nakubali. Butura mimi sifanyi, ila nawajua wanaofanya, na nakwambia kijana, wakianza kuvuna wanakuja na watu wao na hawahesabu mibuni, wanachuma mpaka mbichi.

KaraniWaMizani

Mtoto wa Bukavu, umenipa zawadi leo. Miaka yote 22 nilikuwa nafunga gunia sijui linalala wapi. Na la baba yako nimelisikia. Wengi kwetu walijilaumu hivyo hivyo, wakaanika tena kahawa iliyokuwa imeshakauka.

Mwanangu wa Muleba, pole kwa ugonjwa wa mama, na usimkasirikie mzee. Alifanya nilichofanya mimi na mume wangu. Hakuna anayeuza kahawa mtini kwa kupenda.

Kwanza kaa naye chini umuulize kwa utaratibu ameuza nini hasa: mibuni mingapi, au kilo ngapi, au msimu mzima? Watu husema "kahawa yangu" na kila mmoja anaelewa lake. Pili, nenda kwa huyo bwana wewe na yule shahidi, mapema, kabla punje haijaanza kuwa nyekundu, ukamwambie mnarudisha fedha. Ongezea kitu juu kwa ustaarabu, asione amedhulumiwa. Butura hairuhusiwi na yeye anajua, kwa hiyo hatataka kelele za mtendaji wa kijiji, lakini usianze na vitisho, anza na fedha mkononi. Akikataa kabisa, hapo ndipo uende chama cha msingi na ofisi ya kijiji, na mkubaliane kwa kilo, siyo kwa mibuni. Kilo 200 ni kilo 200. Mibuni 180 inaweza kuwa kilo 300, inaweza kuwa 800, na yeye ndiye ameshaitembelea akaona.

Fedha hiyo utaipata wapi sijui. Wewe una miaka sita ya Mwanza, huenda kuna kitu.

KijanaWaMuleba

Kipo. Nina pikipiki ile niliyorudi nayo. Kuna mtu wa Kamachumu ameniuliza mara mbili kama nauza.

Mkopo nimeuacha kwanza. Jumamosi naenda Maruku kuulizia vikonyo. Mimi na mzee tumepita kibanja kizima tukihesabu mapengo, tumepata sehemu 94 ambazo mbuni mpya unaweza kukaa bila kugusa mgomba hata mmoja. Mzee ndiye aliyekuwa anachomeka vijiti, mimi nahesabu.

KaraniWaMizani

94 ni nyingi, mwanangu, usizidharau. Mashimo myachimbe sasa, mvua isiwakute. Futi mbili kwenda chini, futi mbili upana, udongo wa juu uwekwe upande wake na wa chini upande wake. Mkirudishia, wa juu ndio utangulie pamoja na samadi iliyooza. Mwache mzee aendelee na vijiti.